Virusi vya Binti Yangu

Mimi mapafu nayajua. Nilianza pale machinjioni Dagoretti nikibeba ngozi mbichi mgongoni, shule nimeiacha darasa la tano, na leo nyama ya bucha yangu inaliwa mtaa wa Spring Valley na watu wenye digrii mbilimbili. Pafu la ng'ombe nikilishika tu, nakwambia kama alikuwa mgonjwa. Kwa hivyo kitinda mimba wangu alipoanza kukohoa, kifua kikipiga filimbi, sikungoja kuambiwa na mtu. Hiyo ni nimonia. Nikampakia kwenye gari pamoja na mama yake, tukatoka nyumbani Woodley mpaka hospitali mjini, na nikamwagiza daktari amdunge sindano, ile kali kabisa.

Daktari mwenyewe alikuwa msichana wa rika la kifungua mimba wangu. Hakubishana nami. Alimvua mtoto sweta akatazama mbavu zinavyopanda na kushuka, akamsikiliza kifua, akambana kidole kwa kile kidude chenye taa nyekundu cha kupima hewa kwenye damu. Mwisho akamtia kijiti cha pamba puani, ndani kabisa. Binti yangu akampiga chafya ya uso mzima. Hiyo nguvu ameitoa kwangu.

Tukakaa tukingoja majibu. Daktari akarudi akitabasamu. "Si nimonia. Ni virusi tu."

"Virusi?" nikauliza. Sisi wa umri wangu neno hilo tulilijua kwa ugonjwa mmoja, ule uliotumalizia marafiki. Mke wangu akanigeukia polepole, na nikamwona akizipitia kichwani safari zangu zote za kununua ng'ombe.

"Umevitoa wapi?"

"Mama, mimi ni msafi," nikamwapia.

Daktari alitutazama, akaelewa, ikabidi aketi kwa kicheko. "Mzee, hivi ni vya mafua. Amevitoa nasari kwa wenzake. Sindano yako haviisikii, vitaisha vyenyewe." Akatueleza tumpe vinywaji na dawa ya homa, ila akipumua kwa shida au akikataa kunywa, tumrudishe mbio.

Mke wangu alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Mtoto naye akacheka bila kujua kisa, akakohoa, akacheka tena.

Wiki haikuisha kabla hajaanza kuruka juu ya makochi yangu ya ngozi. Daktari nilimpelekea maini, yale mazuri, ambayo hata Spring Valley hawayaoni. Na nyumbani kwangu hadi leo, nikipiga chafya tu, mke wangu anauliza kutoka jikoni nimevitoa wapi, na yule mdogo ananijibia: "Baba ni msafi."