Mbegu Iliyofungwa Kitambaa

Kwetu, kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Nyeri, viazi vikubwa vililiwa na vidogo vikapandwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nani angezika kiazi cha kushibisha watoto wawili? Mama alivirundika vidogo kwenye pembe ya jikoni yenye giza, vikachipua, na mvua ikija tukavipanda. Mbegu yenyewe, nyeupe yenye macho ya zambarau, alipewa na nyanya alipoolewa. Dada yangu mkubwa naye angeibeba siku yake.

Miaka michache baada ya uhuru mbegu hiyo ikaanza kutuangusha. Majani yalijikunja, yakakakamaa kama karatasi, na ukichimbua unapata viazi vya ukubwa wa gololi. Dada alikuwa ameshachumbiwa huko Kerugoya. Mama alisema waziwazi kwamba hatampeleka binti yake kwa watu na mbegu yenye ugonjwa.

Bwana shamba alikuja kwa baiskeli, akapiga magoti kwenye tope na kugeuza jani. Chini yake kulikuwa na vijidudu vya kijani.

"Hawa ndio wanabeba kirusi, mama. Na sasa iko ndani ya mbegu. Ukipanda hizi ndogo unapanda ugonjwa."

"Kwa hivyo nitupe mbegu ya mama yangu?"

"Hapana. Tafuta mashina yenye bado iko na afya, ufunge kitu. Panda kubwa za hapo, hizi ndogo mkule."

Mama alimwangalia kama mtu aliyeambiwa avae viatu kichwani. Hata hivyo siku hiyohiyo alirarua kitambaa chake cha kichwa, akafunga mashina kumi na moja katika shamba zima.

Wiki tuliyovuna, wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja. Mimi, msichana wa darasa la sita, nilitumwa kumenya viazi, nikaenda moja kwa moja kwenye kiondo cha vile vikubwa, maana mgeni hupewa kilicho bora. Mama akanichapa mkono. Nilimenya zile gololi mpaka vidole vikauma, nimenuna kweli.

Mama wa bwana harusi aliitazama sahani yake. "Ati hizi ndizo mnatupatia? Si hizi ni za kuku?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alijibu polepole, "Kubwa ni za watoto wetu wakapande, mkwe wangu. Ziko kwa kiondo. Hizo hata mimi sijaonja."

Dada aliolewa, kiondo kikaenda naye, na habari ya sahani ile, tulivyosikia, mama mkwe aliisambaza hadi Sagana.

Baadaye nilifundisha bayolojia mjini, nikiishi mtaa wa Skuta. Niliwaeleza wanafunzi kwamba kirusi ni maagizo ya urithi yaliyovikwa koti, kwamba huingia ndani ya mmea na kuutumikisha, na kwamba huenda safari nyingine kikabeba kipande cha urithi wa mmea mmoja kikakipeleka kwa mwingine. Kila mara nilimkumbuka bwana shamba magoti yakiwa topeni. Ninamshukuru mpaka leo, kwa sababu angeweza kusema tuchome kila kitu, na hakusema.

Kisha ukaja mwaka ambao baridi ya mlimani iliunguza shamba lote la Mama kwa siku moja, kabla viazi havijaanza kukua chini, mashina yenye vitambaa pamoja na mengine. Alikaa kizingitini akasema mbegu ya mama yake imekwisha mikononi mwake.

Dada alifika kutoka Kerugoya kabla ya mvua, na kiondo kilekile. Kilijaa viazi vyeupe vyenye macho ya zambarau, vyote vikubwa.

"Umechagua vizuri," Mama alisema.

"Si mimi. Ni mama mkwe," dada akajibu. "Amesema nikuambie kwao wamekula zile ndogo."