Kashata Asiume Tena

Mwanasiti binti Shekhe anachora hina mtaa wa Usagara, na nusu ya mabibi harusi wa Tanga wameshapita mikononi mwake; nusu nyingine wanasubiri zamu na kulalamika. Alizaliwa kijijini Moa, akafundishwa kazi na shangazi yake, akaolewa mjini na Rahimu, dereva wa lori la kwenda na kurudi Mombasa. Ni mtu mpole, ila ukimwambia ua lake limepinda atakutazama mpaka upinde wewe.

Kitu kimoja tu hakijaingia nyumbani kwake, nacho ni mtoto. Ndoa yao imeshavuka umri wa kuulizwa "vipi, bado?" na imefika ule wa watu kunyamaza ghafla anapoingia. Wateja humwombea dua bila kutumwa, huku miguu yao imelala mapajani mwake kama mizigo ya forodhani. Yeye husema amina, akaendelea na ua.

Basi safari moja Rahimu akarudi na kopo la biskuti lililotobolewa matundu kwenye kifuniko. Ndani mlikuwa na hamsta, kijinyama mithili ya panya aliyelelewa vizuri: manyoya rangi ya kashata, mkia wa kutafuta kwa tochi, mashavu yamevimba kama ya mtu aliyekula karanga za shughuli kabla ya wageni kufika. Mwanasiti akamwita Kashata hapo hapo. Rahimu akasema muuzaji kamhakikishia kwamba haumi.

Muuzaji yule Mungu amsamehe, maana sisi bado.

Wa kwanza kuumwa alikuwa Mwanasiti mwenyewe. Alikuwa ametoka kupara samaki, akaona ampe mgeni mbegu ya alizeti kwa mkono wake. Kashata akaiacha mbegu, akachukua kidole. Na si kidole chochote, bali kile kinachobana koni ya hina. Wiki ile akachora mabibi harusi kwa uchungu, na maua yakatoka yamekunja uso.

Akaona labda kijinyama kinahisi ugeni. Kwao mgeni hupokewa kwa udi, basi jioni ya Alhamisi akakiwashia chetezo karibu na tundu la waya kilikohamishiwa, moshi mzito, ule wa kukaribisha wakwe. Kashata alizunguka tundu kama aliyeibiwa pochi, na Mwanasiti alipoingiza mkono kumtuliza, akaumwa mara ya pili.

Bado ingekuwa siri yao wawili, lakini nyumba ile ina mama mkwe. Bi Mwanakhamis ni Mpemba aliyehamia kwa mwanawe baada ya kufiwa, na macho yake yanaona vumbi hata lililo nyumba ya jirani. Mchana mmoja alitaka kujua huyo anayelishwa alizeti kuliko watu ana uso gani. Akamkuta amelala, akashusha mkono kutoka juu, akamkwapua mgongoni. Kilichofuata kilisikika msikitini.

Kidole gumba kikafungwa kitambaa, hukumu ikatolewa. Bi Mwanakhamis alisema panya ni panya hata umvishe kanzu, na kwamba Rahimu akirudi safari, mbele ya macho yake, yeye mwenyewe atamjaribu tena mnyama kwa mkono huo huo. Akiuma, anatoka nje usiku ule ule, na paka wa mtaani kwao wanajulikana.

"Mama, ni kidudu tu," Mwanasiti akasema.

"Kidudu hakina meno ya seremala. Na wewe, mwanangu, usikifanye kidudu kuwa mtu."

Neno lile la mwisho lilimwingia kuliko meno yote ya Kashata. Aliingia chumbani, akakaa mbele ya tundu, akajua kwamba hataki kumpoteza, na kwamba hawezi kumweleza mtu sababu bila kulia.

Kesho yake akaenda kwa Elizabeti, daktari wa mifugo anayetibu kuku na mbuzi wa mtaa mzima. Elizabeti alicheka kwanza, akamkagua mnyama meno na ngozi asije akawa anauma kwa sababu anaumwa, kisha akauliza maswali ya kipolisi. Mkono ulikuwa unanukia nini? Samaki. Na mara ya pili? Udi, na mafuta ya mkaratusi ya kuchanganyia hina. Mama mkwe je? Alimtoa usingizini, kutoka juu.

"Sasa wewe ungefanyaje?" Elizabeti akasema. "Umelala mchana, maana yeye kulala kwake ni mchana, mwewe anakushukia. Macho yake hayaoni mbali, anasoma kwa pua. Ukinukia chakula, anakula."

Akamwagiza anawe kwa sabuni isiyo na manukato. Amngoje aamke mwenyewe jioni, aweke kiganja chini mbele yake, asimfuate. Akimgusa kwa jino, asivute mkono wala asipige kelele, maana kidole kikikimbia hufukuzwa.

Mwanasiti akafanya hivyo kila jioni Rahimu akiwa njiani. Jioni za kwanza Kashata alimnusa na kumkimbia. Baadaye akapanda, akashuka. Mwishowe akapanda, akakaa, akatafuna mbegu juu ya hina mpya kama aliyelipia kiti.

Lakini huo ulikuwa mkono wa Mwanasiti.

Rahimu alirudi saa ya magharibi. Wakaswali, wakala wali na samaki changu wa nazi, na Bi Mwanakhamis akala kwa raha ya hakimu asiye na haraka. Akachovya vidole kwenye bakuli la maji, akajifuta kwenye ukingo wa kanga, akasema, "Haya, mleteni."

Mwanasiti aliutazama mkono ule, akaona changu mzima amekaa kuchani. Angesema nini? Mama, mikono yako inanuka? Mke wa mtu amwambie mama mkwe hivyo, mbele ya mwanawe? Hapo angetoka yeye na tundu pamoja. Kashata alikuwa ameshaamka, pua juu, anausoma ule wali kutoka chumba cha pili.

Akachukua birika, beseni na kipande cha sabuni ya mche. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Nimeshanawa," Bi Mwanakhamis akasema.

"Najua, mama. Niache nikunawishe."

Alikuwa hajamnawisha hivyo tangu asubuhi ya kwanza ya ndoa, mawifi wamejipanga ukutani wanamkagua. Bi Mwanakhamis alimtazama kitambo, kisha akanyoosha mikono. Mwanasiti alisugua kidole kwa kidole, kucha kwa kucha, akakizungukia taratibu kile kilichoumwa.

Tundu likaletwa.

"Kiweke chini kiganja, mama. Usimfuate. Mwache aje."

Kashata akaja. Akanusa kidole cha mwisho, akapita cha pete, akafika kwenye gumba lenye kovu, akasimama. Akafungua kinywa. Jino likagusa ngozi.

"Usivute," Mwanasiti akanong'ona. "Nakuomba, mama, usivute."

Bega la Bi Mwanakhamis liliruka, lakini mkono ulibaki pale pale. Rahimu alikuwa ameshika mguu wa meza utadhani unataka kukimbia. Jino likaonja, likaachia. Kashata akapanda kiganjani, akajikunja, akaanza kupangusa masharubu.



"Mbona moyo wake unakwenda mbio hivi?" Bi Mwanakhamis akauliza kwa sauti ya chini.

"Anakuogopa, mama."

Bibi akafikiri. "Hata mimi nilimwogopa," akasema, bila kumtazama yeyote.

Mwanasiti aligeuza uso kwenye beseni, akajifanya anatafuta sabuni. Adhana ya isha ilipoita, Bi Mwanakhamis alikuwa hajasogea hata ukucha, na akataka kuambiwa kama panya huyu hushuka mwenyewe, au lazima abebwe.