Kukanda kwa Baridi

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, shangazi yangu alikuja mjini kutoka Jambiani, akakaa nyumbani kwetu Amani siku arubaini. Kila asubuhi alichemsha maji, akachovya taulo na kulikamua kwa mikono isiyoonekana kuhisi moto, kisha akanikanda tumbo, mgongo na nyonga. Nilipolalamika kuwa yananiunguza alisema, "Maji yasiyounguza hayakandi." Hivyo ndivyo nilivyolijua neno hilo, na kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kulijua vyengine.

Mwaka jana skuli ninayosomesha ilimwalika muuguzi atufunze huduma ya kwanza, kwa kuwa watoto wetu huumia mara kwa mara mpirani. Alikuwa mtu mpole, msema taratibu. Alipofika kwenye mguu ulioteguka aliandika ubaoni: mkando baridi. Akaeleza kuwa ni barafu, au kitu chochote kilichoganda, kifungwe kitambaani na kuwekwa palipovimba kwa muda wa dakika kumi na tano hadi ishirini, kiondolewe, na baada ya saa mbili tatu kirudishwe. Baridi hupunguza uvimbe na maumivu. Barafu isiguse ngozi yenyewe, maana nayo huidhuru.

Mwalimu mmoja mtu mzima, aliyekaribia kustaafu, alinyanyua mkono. "Mwanangu, kukanda ni kwa maji moto. Mzazi aliyejifungua ndiye anayekandwa. Hicho cha barafu kitafutie jina jengine."

"Kukanda ni kugandamiza tu, Bi," muuguzi alijibu. "Kwa moto au kwa baridi, kote ni kukanda."

Wengine walicheka kidogo. Mimi niliona bibi yule anashikilia jambo dogo, nikaandika daftarini kama muuguzi alivyosema.

Wiki chache baadaye binti wa shangazi alinipigia simu wakati wa mapumziko. Mama yake alikuwa anatoka kuvuna mwani pwani na kiroba kichwani, akateleza juu ya jiwe, mguu ukampinda. Wanawake wenziwe walimshika mabega mpaka nyumbani.

"Anaweza kuukanyagia?" nilimuuliza.

"Kwa shida. Na kifundo kinavimba. Tufanye nini, dada?"

"Mkandeni. Kisha mlazeni, mguu muuweke juu ya mto. Nkimaliza kipindi nnakuja."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Kichwani mwangu neno lile lilikuwa limeshajaa barafu, kwa hiyo barafu yenyewe sikuitaja.

Nilifika Jambiani alasiri. Shangazi alikuwa amelazwa ukumbini, mguu juu ya mito miwili, na pembeni mwake sufuria la maji likifuka moshi. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, macho ameyafumba.

Kifundo kilikuwa chekundu na kimevimba hata mfupa hauonekani. Ngozi iling'ara.

"Tushamkanda mara tatu," binti yake aliniambia. "Na sasa nlikuwa nataka kuanza mara ya nne."

"Kwa maji moto?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Basi tungemkanda kwa nini?"

Nilikaa chini nikawaeleza. Binti alisikiliza, akalinyanyua sufuria na kulitoa nje. Nyumbani hawakuwa na friji, lakini jirani wa nyumba ya pili huuzia watoto barafu za ukwaju, zile za vifuko vidogo. Alipoambiwa ni kwa ajili ya mgonjwa alitupatia alizokuwa nazo zote. Nilizifunga ndani ya kanga ya shangazi iliyokunjwa mara mbili na kuziweka juu ya kifundo.

Shangazi alishituka, kisha akafumbua macho. Baada ya dakika kumi hivi uso wake ulilegea, akaomba maji ya kunywa. Vifuko viwili vilipasuka na ukwaju ukatiririka mpaka kwenye mito. Alilalamikia kanga yake kabla ya kulalamikia mguu, na mimi nikashukuru.

Alipokunywa maji nilimwambia kosa lilikuwa langu, kwamba nilisahau neno moja.

"Mara ya kwanza tu nlijua haifai," alisema. "Nimekanda watu maisha yangu yote. Mguu ulikuwa unapwita ndani, kila taulo likiwekwa unazidi."

"Kwa nini hukuwaambia waache?"

"Waliniambia ni wewe uliyesema. Nikadhani mliosoma mna kukanda kwenu."

Hakusema kwa lawama. Niliendelea kuishika kanga isiteleze.

Siku ile ile tulitafuta gari tukampeleka hospitali. Picha ilionyesha ufa mdogo kwenye mfupa. Daktari alisema ufa ulitokana na kuanguka, si maji, lakini moto katika saa za mwanzo huongeza uvimbe. Ingebidi kusubiri uvimbe ushuke ndipo wamfunge plasta. Zilipita siku tano. Nilizihesabu kuwa ni zangu, japokuwa hakuna aliyesema hivyo.

Skuli nilimsimulia yule mwalimu mtu mzima. Hakufurahi wala hakunicheka. "Sema: weka barafu," aliniambia. "Kila mtu atafahamu." Tukaandika hivyo kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya sanduku la dawa.

Shangazi alikaa na plasta wiki sita. Bamvuo tatu zilimpita, maji ya bahari yakitoka mbali na wenziwe wakivuna, yeye akiwasikia wanapita nje ya ukuta wakizungumza. Binti yake alivuna alichoweza. Mwani uliofungwa kwenye kamba za mbali ulikatika ukachukuliwa na mawimbi. Sasa anakwenda tena, amevaa viatu vya raba alivyokuwa akivikataa, na kamba zake amezisogeza karibu na pwani. Juzi nilimpigia simu asubuhi, akajibu binti yake kuwa mama hayupo, keshashuka majini.