Akiba ya Gauni la Kabula

Kabula wangu amefariki. Siamini bado, nimeandika nikafuta mara tatu, lakini ndiyo hivyo. Jumatatu asubuhi, miaka kumi na miwili. Jumatano tukamzika.

Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo. Ni mimi Mama Kabula, fundi cherehani wa hapa Bugarama. Kama hunijui, mtazame mtoto wa jirani yako akienda shule. Sare ikiwa imemkaa vizuri, ni yangu.

Alizaliwa na kifua chembamba, mbavu fupi, mapafu hayana pa kutanukia. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, jina lake mpaka leo linanishinda kutamka.

Sikujua. Mtoto anakohoa, bibi yake akasema ni kimeo, nikampeleka kikakatwa. Damu ikatoka, pumzi ikabaki ileile. Nisamehe mwanangu.

Nesi wa zahanati ndiye aliyemvua kishati akaniambia, "Mama, achana na koo. Tazama mbavu."

Tukaenda Dar. Wakamwekea vyuma vya kutanua mbavu, na kadiri alivyokua tukawa tunarudi wanavirefusha. Daktari alishangaa ninavyokijua kifua cha mwanangu kwa inchi. Nikamwambia, "Daktari, mimi ni fundi. Kupima vifua ndiyo kazi yangu." Wodi nzima ikacheka!

Kila gauni lake niliacha akiba ndani ya mshono, vidole vitatu kila upande. Tukitoka Dar, nafumua, naachia. Wateja wananitania, "Mama Kabula, hilo gauni au turubai?" Mwenyewe anawajibu, "Subirini tu, nitalijaza."

Na alilijaza! Nilifumua mara nne. Mara NNE, jamani.

Kukimbia hakuweza, ndoo ya maji hakuweza, basi nikamfanya fundi wangu wa vifungo. Mtoto akija sare imepasuka, anamwambia, "We mkorofi, umepigana tena? Lete hapa."

Lakini fundo la uzi alikuwa analiacha nje. Nikamgombeza, fundo linafichwa ndani! Akaniambia, "Mayu, waache walione. Hiyo ndiyo saini yangu."

Mvua za juzi zikamletea nimonia. Siku nne hospitali, kifua kikachoka.

Gauni la kumzika nalo nimelishona mwenyewe, nani mwingine angelishona? Nilipomaliza ndipo nikaona mkono wangu umeacha akiba. Vidole vitatu kila upande. Sikuipunguza.

Sasa ndugu wa mbali wameondoka. Miaka yote nimeshona nikiisikia pumzi yake nyuma yangu, inakwaruza, na ikikatika kidogo tu nageuka. Jana nilikaa kwenye cherehani. Nikaacha kukanyaga, kimya, nikageuka. Kiti chake tu na kopo la vifungo.

Kabula wangu, lala bila vyuma. Ukitaka kuvuta pumzi, vuta yote, gauni litakutosha.

Na ninyi nina ombi moja. Sare alizozishonea vifungo zimetapakaa mji mzima, mimi nyumbani sina hata moja. Nataka kuyaona yale mafundo. Waleteni watoto wamevaa sare zao, hata zilizochakaa, hata zenye kifungo kimoja. Msiogope kwamba nitalia.

Kuondoa tanga ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Nawangoja wote.