Niliwekewa pete ya sumaku kuzuia kiungulia, hakuna aliyepima kama umio wangu unaiweza

Assalaam alaykum wakuu. Haya yamenipata mwenyewe, sitii chumvi hata punje. Someni taratibu, na mwenye kucheka acheke.

Mie ni mwalimu, natokea Konde, Pemba. Kiungulia nimeishi nacho tangu niko chuo.

Si kile cha kunywa maziwa kikaisha. Hiki acid inapanda mpaka kooni, nalala nimeegemea mito kama mzazi aliyejifungua jana, darasani nakohoa mpaka wanafunzi wananionea huruma. Vidonge nilishavijua kwa rangi.

Ndugu yangu aliyeko Maskati akanitumia video. Kuna kijipete cha shanga za sumaku, unafungwa nacho kwa operesheni chini ya umio, pale chakula kinapoingilia tumboni. Ukimeza kinaachia, ukimaliza kinajibana, acid haipandi tena.

Wallahi nililia.

Mama akauza shamba la mikarafuu aliloachiwa na marehemu baba. Nikasafiri nje. Hospitali siitaji, msinifuate PM.

Daktari akapitisha kamera, akaona umio umechubuka, akasema nafaa.

Nikamwambia, "Daktari, mara nyengine tonge linakwama kifuani, lazima nilishushie maji."

Akacheka. "Hiyo ni acid tu. Pete ikikaa, itaisha."

Nikawekewa.

Mwanzo kumeza kulikuwa tabu. Nikaambiwa ni kawaida, nile kidogo kidogo. Nikarudi Pemba, tabu nikarudi nayo. Wali haushuki. Muhogo ndiyo usiseme.

Ikaingia Ramadhani. Futari imetandikwa, nikatia tende mdomoni, ikasimama kifuani. Nikakimbilia uani kuitapika. Mke wangu akanifuata, akanishika mgongo.

"Baba Asha, umebaki mifupa. Wakakitoe hicho kidude."

Nikapigwa eksirei, nikamtumia picha yule daktari aliyeniwekea, kisha nikampigia. Jibu lake silisahau: "Picha uliyotuma inaonesha pete iko mahali pake. Kifaa kinafanya kazi vizuri."

Kifaa kinafanya kazi. Mie sili.

Nikaenda Dar, nikampata daktari mwengine, mama mmoja mpole. Swali lake la kwanza: "Nani alipima nguvu ya umio wako kabla ya operesheni?"

"Unapimwaje?"

Akaniandikia kipimo.

Kumbe kuna test yake, wakuu. Unapitishwa mpira mwembamba puani mpaka kwenye umio, unameza maji, mashine inasoma misuli inavyosukuma. Yangu haisukumi vya kutosha.

"Mwalimu," akaniambia, "pete hii inataka umio wenye nguvu ya kuifungua. Wewe hukuwa mtu wa kuwekewa."

Imeshatolewa. Tonge linashuka, kwa maji. Kiungulia kimerudi vilevile, na vidonge vilevile. Shamba ndiyo limekwenda.

Kila nikenda kumwamkia mama ananiuliza, "Umepoa, mwanangu?"

Namwambia nimepoa.

Sisemi pete ni mbaya. Wapo iliowafaa, wanakula biriani yao na kulala. Lakini kabla hujakubali kupasuliwa, uliza umio wako umepimwa unavyosukuma. Na ukimwambia daktari tonge linakwama, akacheka, inuka uondoke.

Mliopitia haya semeni, hasa nyinyi mliopimwa mkaambiwa hamfai, mkarudi majumbani mmenuna.

Mie natamani ningeambiwa hivyo.