Mtambo wa Sita na Rangi za Meneja

Kwa miaka ishirini na miwili Bibi Namba alikuwa karani wa takwimu katika idara ya maji, na muda wote huo wakubwa hawakumwuliza swali lolote la maana isipokuwa kama chai imechemka. Chai yenyewe haikuwa kazi yake. Jina la Namba alipewa na wenzake kwa kuwa alijua kwa kichwa maji yaliyosukumwa na kila mtambo, mwezi kwa mwezi. Mumewe, fundi cherehani, alilalamika kwamba mkewe husahau chumvi lakini hasahau desimali.

Kisha akaja meneja mpya, msomi wa semina ya siku tatu.

"Namba zinachosha macho," meneja alitangaza. "Nataka jedwali linaloongea lenyewe."

Akaketi kwenye kompyuta ya Bibi Namba, akabofya mara nne, na tazama maajabu: mtambo uliosukuma maji mengi kuliko yote ukawa kijani, uliosukuma machache kuliko yote ukawa mwekundu, na iliyobaki ikawa njano. Watu wakapiga makofi. Mtu akishapaka rangi, nani tena ana haja ya kusoma?

"Bosi," Bibi Namba alisema, "kwa kanuni hii lazima mtambo mmoja uwe mwekundu, hata yote ikifanya vizuri."

"Ndiyo ushindani huo, mama."

Mwezi huo mitambo saba ilisukuma, kila mmoja, mita za ujazo elfu nne na ushei kwa siku. Mtambo wa sita ulisukuma elfu tatu mia tisa na themanini. Tofauti ilikuwa kama kijiko kwenye pipa, lakini wekundu wake ungeweza kumsimamisha ng'ombe. Fundi wa mtambo huo, mzee mpole waliyemwita Spana, akaandikiwa barua ya onyo kali.

Mvua kubwa ziliponyesha, tope likaziba machujio ya bwawa ambamo mitambo yote minane huchota maji. Mabomba mjini yakaanza kukohoa. Nyumbani kwa Bibi Namba mumewe alipanga ndoo mlangoni kama askari wa gwaride. Ofisini, jedwali lilipendeza kama zamani: kijani kimoja, chekundu kimoja, njano katikati. Rangi zilikuwa zikilinganisha wagonjwa na wagonjwa, na aliyekohoa kidogo akavishwa taji.

Safari hii taji lilikwenda mtambo wa sita. Spana alikuwa akishuka kila alfajiri kusugua chujio lake kwa brashi, hivyo akafikisha elfu mbili mia moja na kumi. Meneja akamwandikia barua ya pongezi.

Spana akaja kwa Bibi Namba na barua zote mbili.

"Dada yangu, hebu nisomee. Nilipotoa karibu elfu nne nilikaripiwa. Nimetoa nusu yake, napongezwa. Macho yangu yamezeeka, au?"

"Macho yako mazima, kaka. Wengine ndio wamevaa miwani ya rangi."

Alasiri ile Bibi Namba akaongeza safu moja kwenye jedwali: lengo, elfu tatu mia tisa. Akabadili kanuni ili kila mtambo ulinganishwe na lengo lake, si na jirani yake. Jedwali zima likawa jekundu.

Meneja nusura aangushe kikombe. "Umelichinja jedwali langu! Na Bodi inakuja kesho! Rudisha rangi zangu!"

"Sawa, bosi." Akazirudisha. Mfanyakazi mtiifu hubishana mara moja tu, hasa akiwa na kodi ya nyumba.

Asubuhi alichapa nakala kumi, kama alivyoagizwa. Zikatoka kijivu. Wino wa rangi ulikuwa umekwisha, kwani meneja alikuwa akijichapia jedwali kila siku na kulibandika ukutani kwake. Kwa hiyo wajumbe wa Bodi, maskini, wakalazimika kusoma namba.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, akavaa miwani. "Huu mtambo wa sita ndio unaoongoza, kwa elfu mbili mia moja na kumi. Kabla ya mvua ulikuwa ngapi?"

Meneja akatazama ukuta. Ukuta haukumsaidia.

"Elfu tatu mia tisa na themanini," Bibi Namba akajibu kutoka mlangoni, birika la chai mkononi. "Na wakati huo ndio ulioshika mkia. Mitambo yote imepoteza karibu nusu au zaidi, mheshimiwa. Machujio yameziba."

"Weka hilo birika, mama. Njoo ukae."

Akakaa. Namba zilitoka moja baada ya nyingine bila kukosea. Machujio yakasafishwa kwa siku tisa. Meneja akaandika ripoti ndefu kuhusu jinsi alivyogundua tatizo, kisha Bodi ikampeleka semina nyingine, ya miezi sita safari hii, ili akagundue zaidi.

Bibi Namba akakaimu kiti chake. Katika kikao chake cha kwanza mtambo wa tatu ulikuwa chini ya lengo. Akamwuliza fundi wake, "Una shida gani?"

"Mkanda umechakaa, mama."

Mkanda ukanunuliwa. Kikao kilikwisha kwa robo saa, na mafundi wakabaki vitini wakitazamana, hawajui kama wanaruhusiwa kuondoka.