Uzio Ulioziba Njia ya Nyati

Evaresta Nnko alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili, mkulima wa kahawa na migomba juu ya Usa River, mahali mashamba yanapokoma na msitu wa hifadhi unapoanza. Kati ya mashamba na msitu kuna ukanda wa nyasi usio shamba la mtu. Nyati hupita hapo kwenda kunywa maji mtoni.

Jumatatu moja, aliporudi kutoka Sombetini kumwona binti yake Nice, alikuta nguzo za zege na waya wa miba zimekatiza ukanda ule hadi mtoni. Zilianzia kwa jirani yake Ndesanjo, mfanyabiashara kutoka Kilimanjaro, ambaye mwaka uliopita alinunua shamba la Anaeli, shemeji yake Evaresta.

Alikwenda kumwuliza. Ndesanjo alimwamkia kwa adabu, akasema uzio ni wa kuzuia nyati wasiharibu migomba, hata ya Evaresta itapona. Evaresta alishukuru, lakini maneno yale hayakumwingia. Migomba ya Ndesanjo haikufika ishirini, na upande wa mtoni aliweka geti lenye kufuli. Evaresta alishaona loji za watalii zinavyoanza: kwanza uzio, halafu geti, halafu mlinzi anayekuuliza unakwenda wapi.

Kwenye ofisi ya kijiji, mtendaji Nathanaeli alimwambia kibali kipo wilayani. Evaresta akaomba kuona nakala yake. Nathanaeli akafungua droo, akaifunga, akamwambia arudi Alhamisi. Alhamisi ofisi ilikuwa imefungwa. Jumapili baada ya ibada aliwaona Nathanaeli na Anaeli wakinong'ona kando ya ukuta wa kanisa. Alipowakaribia wakaanza kuzungumzia mvua. Tangu siku hiyo aliacha kumpelekea shemeji yake maziwa, na hakumwambia sababu.

Aliandika barua ya malalamiko kwa mkono, akaipeleka wilayani mwenyewe, hakuondoka mpaka ilipogongwa muhuri.

Baada ya wiki tatu alikuja Brenda, afisa mipango wa wilaya, pamoja na mpima ardhi na ramani yake. Wahusika wote waliitwa. Brenda alisema hakuna kibali kilichowahi kuombwa, uzio umeingia kwenye ukanda wa hifadhi, na uondolewe ndani ya siku thelathini. Ndesanjo alidai aliuziwa shamba akiambiwa ukanda ule ni sehemu yake. Anaeli aligeuka kutazama mtoni. Nathanaeli alitazama viatu vyake.

Evaresta alidhani yameisha. Lakini mpimaji aliendelea kutembea, akaingia kwenye kahawa yake, akasimama na kufukua kwa jembe. Chini ya majani makavu ya migomba kulikuwa na jiwe la mpaka.

"Mama, mistari hii mitatu ya mibuni nayo iko nje ya mpaka," Brenda alisema.

"Aliipanda marehemu mume wangu."

"Alijua jiwe liko hapa?"

Evaresta alikumbuka kwamba mumewe hakuruhusu mtu mwingine kulima sehemu ile, hata yeye mkewe. Alisema wataumiza mizizi. Kwa mara ya kwanza tangu amzike, alimtilia shaka.

Aliomba avune kwanza, wakamruhusu. Alipomaliza, aling'oa mibuni ile kwa mikono yake, hakutaka kibarua. Nguzo za Ndesanjo zilikuwa zimeshaondolewa, na nyayo za nyati zilionekana tena kwenye nyasi.

Ndipo Ndesanjo alipokuja na jani la isale, ule mmea wa kupandwa mipakani, mkononi, kama watu wa milimani wafanyavyo wanapoomba msamaha.

"Mama Nice, mimi nilidanganywa na shemeji yako," alisema. "Tupande masale mpakani, tusigombane tena."

Evaresta alilipokea jani, kwa sababu isale halikataliwi. Kuhusu kudanganywa, hakusema kama anaamini au haamini. Masale aliyakubali kwa sharti moja: atayapanda yeye mwenyewe, mpimaji akiwepo.

Siku ya kupanda, Ndesanjo alisimama upande wake wa mpaka akimwangalia mikono, shimo baada ya shimo. Evaresta hakuona ubaya. Hata yeye angefanya hivyo hivyo.